Kiboko wa Kando ya Ziwa

Mnicheke tu, nimestahili. Jumapili niliwatembeza mchumba wangu Neema na shangazi zake, wageni kutoka Bwegera, kwenye njia ya kando ya ziwa hapa Uvira. Baba yake, aliyekuja nao, alikataa matembezi, eti joto limemchosha. Njia ilikuwa tambarare, upepo mtamu, nami nikatangulia mbele kama mwenyeji hodari.

Mara, kati ya matete, nikaona mgongo mpana mweusi unang'aa majini.

"Kiboko! Mukimbie!" nikapiga kelele, huku nikirusha jiwe. Maji yakaruka karibu naye kabisa.

Mgongo ukasimama. Kumbe ulikuwa na kichwa kilichojaa povu la sabuni.

"Mukwe, ni miye!" baba yake Neema akapaaza sauti. "Acha mawe, nimalize kuoga!"