Mkwe Aliyekula Mbele ya Dada Teresia

Siku ya mazishi kanisa lilisoma historia fupi ya dada yangu Teresia: alipozaliwa, alipobatizwa, alipoolewa na Yonasi, alivyoimba kwaya ya akina mama. Yote ni kweli. Lakini hawakusoma namna alivyolipigania shamba lile tulilokuwa tumesimama juu yake, nami sioni vema habari hiyo iishie kaburini.

Shamba liko Ndalambo. Shemeji Yonasi alipougua figo, dada alikopa kwa watu wa mikopo ya riba kali, wale wanaoitwa kausha damu, akaweka shamba hilo kuwa dhamana. Mungu akamchukua Yonasi. Tukamzika pembeni mwa shamba, na deni likabaki. Dada alikuwa anapika wali na maharage Tunduma, kwenye kibanda karibu na foleni ya malori ya mpakani. Kila akichelewesha rejesho, watu wa mkopo walimwambia watauza shamba.

"Violet, wakiliuza, Yonasi atalala kwenye shamba la mtu," aliniambia. Usingizi ulimpotea kabisa.

Ndipo akaja Hezron. Sijui namba ya dada aliipata wapi. Alifika nyumbani kwa dada, mtaa wa Sogea, akachuchumaa nje ya mlango, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimu sisi Wanyamwanga.

"Nanyangwe, mama," alisema, akimwita kwa jina la ukoo, kama wanawake wa kina Sinyangwe wanavyoitwa. "Mimi nimeoa kwa kina Sinyangwe, upande wa Nakonde. Nyie ni wakwe zangu."

Dada akajifunika khanga mabegani, akatazama pembeni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, wala hawaulizani maswali makali. Hezron akaeleza kwamba yuko kwenye mradi wa kulipia wajane madeni. Mradi utamalizana na wale wakopeshaji, na dada ataurudishia mradi kidogo kidogo bila riba. Kinachotakiwa ni ada ya kufungua faili tu. Kisha akaomba tusali, na akasali vizuri sana.

Alipoondoka nilimuuliza dada, "Ofisi yake iko wapi?"

"Mkwe haulizwi hivyo."

"Basi niulize mimi."

"Na wewe ni mama mkwe wake, Violet. Unataka tuonekane hatukufunzwa?"

Akauza magunia yake ya mchele, akatuma ada. Wiki ile aliimba akiwa anapika, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba wa shemeji.

Hezron alirudi asubuhi moja ya mvua, safari hii kibandani, akiwa na karatasi za kutia sahihi. Alisema ili mradi ulikomboe shamba, lazima liandikwe kwa jina la mradi kwa muda. Dada akafuta mikono, akachukua kalamu. Mimi nilikuwa naosha vyombo kando.

Hezron akavuta benchi, akakaa mkabala naye.

"Wakati unasoma, mama, nipakulie na mimi. Nimetoka bila kunywa chai."

Dada akapakua. Yule mtu akaanza kula palepale, macho kwa macho, anaongea na wali mdomoni.

"Ongeza maharage kidogo. Na pilipili, kama ipo."

Dada akabaki ameshika mwiko. Mkwe wetu wa kweli ni Andongwisye wa Itumba, aliyemwoa Loisi, binti wa dada. Miaka yote hiyo hatujawahi kuona akitafuna. Akija, chakula chake hupelekwa nyuma ya nyumba.

"Baba," dada alisema polepole, "mke wako ni mtoto wa nani?"

"Wa mzee Sinyangwe."

"Kina Sinyangwe ni wengi. Yupi?"

"Yule... wa pale Nakonde, mama. Mzee mrefu."

Dereva mmoja wa lori akacheka. "Mama ntilie, huyo ni mkwe au mteja? Mkwe gani anaramba sahani!"

Benchi zima likacheka. Dada hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Sitii sahihi."

"Mama, ukichelewa faili linafungwa. Shamba likiuzwa usinilaumu."

"Sitii sahihi, baba. Lipa ulichokula."

Wali aliulipa. Ada hakuirudisha, na tangu siku ile simu yake haikupatikana tena. Tulitoa taarifa polisi. Wanasema walikuwepo wajane wengine aliowatapeli.

Dada akaenda mwenyewe kwa wakopeshaji, pamoja na mtendaji wa kata, jambo ambalo aibu ilimzuia kulifanya tangu mwanzo. Wakakubali kumwongezea muda. Riba hawakupunguza. Aliuza kitanda, akauza cherehani. Kifua kilipoanza kumbana alisema ni moshi wa kuni, kwa kuwa pesa ya hospitali ilikuwa pesa ya rejesho. Tulipompeleka kwa nguvu, tulikuwa tumechelewa. Namuuliza Mungu kwa nini, na bado hajanijibu. Nasali tu.

Akina mama wenzangu wa ushirika wa kanisa, mtu akitaka pesa kwanza ndipo akusaidie deni, muulize ofisi yake, hata akiwa mkwe, hata akiwa amesali. Nendeni wenyewe kwa anayewadai, mkiwa na shahidi.

Tulimzika Teresia ubavuni mwa Yonasi, katika shamba ambalo bado ni lao. Rejesho la mwisho tutalitoa sisi ndugu baada ya mavuno. Andongwisye alichimba kaburi tangu alfajiri kwenye matope. Chakula kilipoiva nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya ghala la mahindi, amegeukia ukutani, sahani magotini. Hakuwa anakula. Alikuwa analia. Nikarudi kimya kimya, asije akajua mama mkwe amemwona.