Uji wa Hindatu na Kilio cha Bibi Maryamu

Saa kumi na mbili kasorobo, watu wanatoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, na Hindatu Sale ameshafunua sufuria. Mvuke wa mtama na tangawizi unampanda usoni. Kando yake mdogo wake, Talatu, anageuza bajia za kunde kwenye mafuta yanayochemka.

Foleni ya mtaa wa Kwarbai, hapa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, haina subira wala adabu.

"Hindatu, leo umetia sukari au umeitaja tu?" anauliza mzee mmoja, bakuli mkononi.

"Nimetia, baba. Kama huisikii, shitaki ulimi wako."

Watu wanaangua kicheko. Lakini macho ya Hindatu hayako kwa mzee. Yako kwa Danladi, muuza nyama, mtu wa miraba minne, ambaye kwa mara ya tatu sasa anampisha aliye nyuma yake apite mbele.

"Danladi, unachinja mafahali halafu unaogopa uji?" Talatu anamtania.

Danladi hacheki. Anasogea, anainama, na kusema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake: "Mama Nuhu, nimekuja kwa yale maneno ya imamu. Mke wangu ana siku kumi na moja tangu ajifungue. Haongei. Mtoto akilia, anamtazama kama mtoto wa jirani."

Hindatu anamkabidhi Talatu upawa, anajaza uji kwenye chupa ya chai, anajitanda mtandio na kutoka. Njiani anatembea kama anayekimbia.

"Wa nne!" anamwambia mwandishi wa makala haya, pumzi zikimpanda. "Wa nne tangu Ijumaa! Tena wanaume, kwa miguu yao wenyewe! Andika hilo kabla hujaandika jina langu."

Kwa zaidi ya miaka mitatu waliomjia walikuwa wanawake tu, na walikuja kwa kificho. Mmoja alijifanya amekuja kuazima kinu. Mwingine alinunua bajia tano, akasimama nazo mpaka zikapoa, ndipo akasema kilichomleta.

Hindatu ana umri wa miaka thelathini na minne na watoto wanne. Bakuli lake la uji ni naira mia mbili, na wateja wanasema huwa analijaza mpaka ukingoni. Miaka minne iliyopita, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amelala akitazama ukuta.

Alikuwa amejifungua Nuhu, mtoto wa mwisho. Siku ya saba kondoo akachinjwa, jina likatolewa, ndugu wakajaa uani.

"Watu wanacheka nje, mimi niko ndani nalia, na sijui nalia nini," anasema. "Nikasema ni uchovu. Ikapita wiki, zikapita tatu. Usingizi hakuna. Chakula kikiwa kinywani nakiona kama udongo. Mtoto namnyonyesha, lakini ni kama natimiza kazi ya mtu mwingine."

Mumewe, Lawwali, ni dereva wa lori la vitunguu linalokwenda Lagos, na huwa hayupo kwa wiki mbili mfululizo. Waliokuwepo walikuwa majirani, na majirani walikuwa na jibu.

"Umepewa mtoto wa kiume, mzima, halafu unanuna?" mmoja alimwambia. "Huko ni kukufuru neema. Mwenye imani hahuzuniki hivyo."

Hindatu aliamini. "Hapo ndipo ilipozidi kuwa mbaya," anasema. "Kwanza nilikuwa mgonjwa. Baada ya hapo nikawa mgonjwa anayedhani Mungu amemkasirikia. Wananiambia niswali sana, na mimi niko kwenye nifasi, damu ya uzazi, swala yenyewe imeondolewa kwangu. Nikahisi mlango wa mwisho umefungwa."

Ndugu wakaamua ana jini. Wakamleta mtu kutoka mji mwingine, akasoma siku mbili. Siku ya tatu akaomba fimbo.

Siku hiyo Lawwali aliwasili, vumbi la safari bado liko kichwani. Anakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Unataka kumpiga nani?" alimuuliza.

"Si mkeo. Nampiga jini."

"Maumivu atayasikia nani?"

Yule mtu akageuka kutazama mlango.

"Basi chukua viatu vyako," Lawwali akamwambia.

Jioni ileile Lawwali alikwenda kwa Malama Balaraba, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayewafundisha akina mama Qur'ani baada ya swala ya alasiri. Malama alikuja mikono mitupu. Alikaa kwenye mkeka na kuuliza swali moja: "Tangu jana umekula nini?"

"Nikamwambia, Malama, mimi sina imani tena," anasimulia Hindatu. "Akauliza, nani kasema? Nikasema, wote. Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: natamani nisingekuwepo. Nikafumba macho, nangoja anifukuze kwenye Uislamu."

Malama hakumfukuza. Alimuuliza: "Unajua ni nani aliyesema hivyo kabla yako?"

Kisha akamsomea, polepole na bila kitabu, sura ya Maryamu, pale uchungu wa kuzaa ulipomfikisha Bibi Maryamu kwenye shina la mtende, naye akasema laiti angekufa kabla ya siku ile, awe kitu kilichosahauliwa.

"Nimeisoma sura ile tangu nina miaka tisa," anasema Hindatu, na sauti inapanda kama vile jambo lenyewe limetokea leo asubuhi. "Tangu miaka tisa! Sikuwahi kumsikia. Siku ile ndiyo nikamsikia. Mwanamke bora, aliyechaguliwa, na alisema maneno yangu!"

Malama Balaraba tunamkuta kibarazani kwake, anasahihisha ubao wa mwanafunzi. Anazungumza haraka, kidole juu.

"Hebu tazama alivyojibiwa," anasema. "Hakuambiwa imani yako ni ndogo. Aliambiwa usihuzunike, kuna kijito chini yako, tikisa mtende, kula, unywe, jicho lako litulie. Na watu wakija na maswali yao, aseme ameweka nadhiri, leo haongei na mtu. Umeona? Mungu alimpa maji, akampa chakula, akamwondolea wambea. Sisi mzazi wetu tunamletea wambea kwanza."

Anaendelea kabla hajaulizwa. "Nabii Yaakubu alilia mpaka macho yakaingia weupe, akabaki nabii. Mtume wetu alifiwa na Bibi Khadija na ami yake katika mwaka mmoja. Tunauita Mwaka wa Huzuni. Umewahi kusikia mtu akiuita Mwaka wa Imani Ndogo? Na alikuwa akiomba dua, akijikinga kwa Mungu na dhiki ya moyo na huzuni. Mtu hujikinga na kitu kinachoweza kumpata."

Na majini?

"Yapo, yametajwa. Lakini mtu akivunjika mguu hatumtafutii jini, tunamtafutia fundi wa mifupa. Mtume alituamuru tujitibu. Dua na daktari si wake wenza, wagombanie mlango mmoja. Ingia na wote wawili."

Ndivyo Malama alivyofanya. Alimfundisha Hindatu dua ile ya kujikinga, akamwambia kwamba nifasi haijawahi kuzuia dua, na asubuhi yake wakapanda pikipiki ya matairi matatu kwenda hospitali. Daktari alisikiliza na kusema huo ni ugonjwa unaowapata wanawake wengi baada ya kujifungua, una jina na una dawa. Hindatu alitumia vidonge kwa miezi tisa, na kila wiki mbili alikuwa na kikao na muuguzi.

Wiki ya tano ya matibabu, akiwa amekaa uani, alisikia harufu ya tangawizi kutoka jikoni kwa Talatu.

"Miezi miwili nilikuwa sinusi kitu!" anasema. "Nikaita, Talatu, unapika nini? Akaja na mwiko mkononi, analia. Nuhu akanitazama, akacheka. Nikamcheka na mimi. Tukawa watu watatu tunacheka na kulia kama tumerogwa kweli."

Uji ulianza hapo. Malama alimweleza kwamba Bibi Aisha alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Zaria shayiri ni ya kutafuta. Hindatu akapika wa mtama, akaanza kuwapelekea wazazi walio ndani ya siku arobaini.

Akifika huuliza mambo matatu: umekula, umelala, na moyo wako ukoje. Kisha hunyamaza. "Kunyamaza ndiyo kazi ngumu," anasema Talatu. "Huyu dada yangu kuziba mdomo ni karama."

Tangu aanze, amewatembelea wanawake sitini na mmoja. Wengi walihitaji usingizi na mtu wa kuwashikia mtoto. Kumi na tisa aliwasindikiza hospitali mwenyewe. "Mimi si daktari," anarudia mara nyingi. "Mimi ni mtu anayegonga mlango."

Si kila mlango ulifunguka. Mwaka jana mama mkwe mmoja aliumwaga uji wake kizingitini na kumwambia asilete wazimu wake pale. Hindatu alirudi nyumbani, akakaa siku mbili bila kuwasha moto.

Siku ya tatu yeye na Malama walikwenda kwa Imamu Bashari. Wakamweleza yote. Imamu alisikiliza na kuwauliza maswali. Baadaye akaenda hospitali kuongea na madaktari, akarudi kwenye vitabu vyake. Ilimchukua miezi.

Ijumaa iliyopita alipanda mimbari. Lawwali alikuwa safu ya pili.

"Alisoma habari ya Bibi Maryamu, akafika ya Nabii Yaakubu," anasimulia Lawwali. "Halafu akasema: miaka mitano iliyopita, mahali hapahapa, niliwaambia kwamba mwenye huzuni ya muda mrefu ana upungufu wa imani. Nilikosea. Nimemwomba Mungu msamaha, nanyi nawaomba msamaha. Mwanamume ambaye mkewe amenyamaza ndani, asimhukumu. Ampeleke akatibiwe. Ndugu yangu, msikiti ulitulia nikasikia feni!"

Imamu mwenyewe hapendi kusifiwa kwa hilo. "Sikusema jipya," anasema. "Uji wa yule dada nisiuite dawa ya Mtume, nitakuwa nimezidisha. Huruma ya Mtume ndiyo ya kuigwa. Mimi nilichelewa kuigundua."

Nyumbani kwa Danladi asubuhi hii, mama yake ndiye anayesimama mlangoni. "Huyu ndiye yule mwendawazimu wa uji?" anamuuliza mwanawe.

"Ndiye mimi, Hajiya," anajibu Hindatu, huku akivua viatu. "Nimepona kila kitu isipokuwa mdomo."

Mama yake Danladi anajikaza asicheke, anashindwa, anampisha.

Hindatu anaingia chumbani kwa Zuwaira, mke wa Danladi, na kurudishia mlango. Inapita robo saa, inapita nusu. Danladi amekaa kwenye kinu kilichofudikizwa, mikono magotini. Mara kinasikika kilio, kikubwa, cha mtu mzima. Danladi anaruka.

Mlango unafunguka kidogo. "Kaa chini!" Hindatu anamwambia, uso unang'aa. "Mwache alie. Siku kumi na moja alikuwa halii."

Dakika chache baadaye anachungulia tena. "Uji amekunywa nusu. Anataka bajia. Anasema ziwe za moto."

Danladi haulizi ngapi. Mtaa mzima wa Kwarbai unamwona muuza nyama akikimbia na aproni yake, na Talatu, akimwona kwa mbali, anaanza kumfungia bajia kabla hajafika.

Saa nne wote wako njiani kwenda hospitali. Danladi amembeba mtoto vibaya, kichwa kinaning'inia, na mama yake anamfokea mpaka anajifunza. Zuwaira amejiegemeza kwa Hindatu. Kabla ya kupanda, anakubali kusema sentensi moja kwa ajili ya gazeti: "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Daktari amempa dawa na siku ya kurudi. Safari bado ni ndefu, na Hindatu amemweleza hivyo waziwazi Danladi, asije akategemea muujiza wa kesho.

Alasiri, darasani kwa Malama Balaraba, wanawake kumi na wawili wamekaa mkekani. Kuanzia Jumamosi kila mmoja atapewa mtaa wake wa kuzungukia. Muuguzi kutoka hospitali amekuja kuwaonyesha dalili za kutofumbia macho. Wanabishana nani atapewa mitaa ya mbali, na kila mmoja anaitaka.

Hindatu amechelewa kuingia kwa sababu simu yake inaita. Ni Lawwali, yuko barabarani.

"Umemwambia mwandishi habari ya barua?" sauti yake inasikika mpaka nje.

"Bado!"

"Unangoja nini, wewe mwanamke?"

Barua ilifika juzi. Chuo kimoja cha afya kimemkubali kusomea uhudumu wa afya ya jamii. Mtihani wa sekondari aliufanya akiwa na miaka thelathini na mitatu, darasa moja na wasichana waliokuwa wakimwita mama na kumwibia majibu ya hesabu. Masomo yanaanza Septemba. Sufuria atalichukua Talatu, ambaye ameshatangaza kwamba sukari ataongeza.

Je, haogopi?

"Naogopa sana," anasema, akicheka. "Hata ugonjwa ule unaweza kurudi, daktari aliniambia. Ukirudi, najua njia ya hospitali na najua sura ya kusoma."

Anatazama ndani, ambako Malama anamwita kwa kidole.

"Nataka siku moja mwanamke wa mtaa huu aseme, jamani, moyo wangu unaumwa," anasema. "Na jirani yake amjibu kama anavyomjibu mwenye homa: pole, ngoja nijitande, twende."