Chupa ya Glenys Iliyozimika

Glenys Trewin alipika chembe zinazong'aa kwa miaka kumi na tisa katika maabara yetu hapa Melbourne, na mkono wake niliuonea wivu. Ukizimulika chupa zake kwa taa ya zambarau zinawaka, chembe ndogo kijani, kubwa nyekundu. Isiyowaka aliimwaga bila kuwaza.

Halafu akaja Profesa Lachlan Orme, naye akataka giza. Alitaka kuonyesha kwamba elektroni ikihama kutoka kwenye chembe kwenda kwenye rangi iliyobandikwa juu yake, chembe haina tena cha kutolea mwanga. Mkataba wa Glenys ulikuwa unaisha Desemba, na Orme alimwambia wazi kwamba chupa ikizimika, anabaki.

Ikazimika. Tulishangilia, mimi wa kwanza.

Kesho yake Glenys akaandaa chupa ya kulinganishia: chembe zilezile, zikaoshwa mara tano kwa asetoni kama zile za kwanza, ila bila rangi. Nayo ikazimika. Kumbe elektroni haikwenda popote. Asetoni ilikuwa imezivua chembe koti lao la mafuta, na chembe isiyo na koti haiwaki. Kila mpishi wa chembe anajua kuosha kuna kikomo. Yeye alizidisha kwa sababu mara hii, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa analitaka giza.

"Lachlan, mwanga nimeuua mimi," alisema. "Nimeosha kupita kiasi."

"Nani alikutuma utengeneze hiyo ya pili?"

"Hakuna aliyenituma. Ndiyo kawaida yetu."

"Basi mimi sijaiona. Sasa, Glen, kazi unaitaka au huitaki?"

Glenys akanigeukia. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, nikajitia kuhangaika na mizani. Akaimimina chupa ya pili kwenye pipa la taka, akaisuuza, akaifudikiza ikauke. Mimi ni mwoga, tusidanganyane.

Makala ikatoka, Orme akasifiwa. Novemba akamwambia Glenys kwamba mkataba hauendelei. Nilimuuliza Orme sababu.

"Mtu aliyekubali kuimwaga chupa ile," akanijibu huku akipangusa miwani, "nitamwaminije na vipimo vyangu?"

Kwenye chai ya kumuaga kulikuwa na keki za nazi. Orme akamkabidhi kisanduku chenye utepe, na ndani yake ile chupa ya kwanza iliyozimika. "Hii ndiyo iliyotufikisha hapa," akasema. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Nilimpeleka nyumbani kwa gari langu. Dada yake, Merle, akaigeuzageuza chupa dirishani.

"Hii inafanya nini?"

"Haifanyi kitu," Glenys akasema.

"Sasa wamekupa ya nini?"

Glenys hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Muulize huyu. Alikuwepo."

Nikaangalia saa, nikasema foleni itanikuta njiani.