Karatasi ya Pili

"Chakula kitamu sana, Babu," aliniambia mjukuu wangu Salma kwenye simu juzi, na papo hapo nikaonja tena ule uchungu wa gundi ya bahasha ulimini. Hamtaona uhusiano, nitaueleza. Salma yumo katika mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu, huko bara, nami ni mtu nisiyepokea habari isiyo na ushahidi. Tabia hiyo ina asili yake, na asili yenyewe si ya kujivunia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kaka yangu Ali alipopanda gari la moshi kwenda chuo kikuu, wa kwanza katika mtaa wetu wa pwani, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani tulibaki mimi na Mama. Ali alikuwa hodari wa masomo, na hodari zaidi wa kutia ila. Hakupata kula wali wa Mama asiseme nazi imepungua. "Basi kesho upike wewe, bwana mkubwa!" Mama alikuwa akimtisha kwa mwiko, naye huku akijipakulia mara ya pili.

Barua zake zilikuja bahasha moja, karatasi mbili. Ya kwanza, ya Mama, aliiandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo Mama alifundishwa utotoni pamoja na Kurani. Ya pili, yangu, aliiandika kwa herufi za shule, ambazo Mama hakuzijua. Mama aliisoma yake kwa sauti, kisha akaibana kifuani. Ali yu mzima. Chuo kizuri. Chakula kitamu.

Karatasi yangu ilisema mengine. Kwamba wahadhiri husema Kiingereza kwa kasi, na kabla hajamaliza kuandika sentensi moja ubao umekwisha kufutwa. Kwamba asubuhi ya kwanza aliingia ukumbi wa kulia akawaamkia watu wote, meza baada ya meza, kama tulivyolelewa, na tangu siku hiyo wenzake humwita Sheikh Hujambo. Kwamba sasa hula peke yake, au hali.

"Na hiyo yako yasemani?" Mama aliniuliza.

"Salamu tu, Mama."

Mwezi wa tatu tangu aondoke ikaja karatasi fupi. "Siwezi tena. Muulize Mama: nikirudi, mlango utakuwa wazi? Nangoja jibu lako."

Niliitia mfukoni nikaenda jikoni. Mama alikuwa akikanda unga wa mahamri, na jirani yetu Bi Rukia amekaa juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi, akitangaza kama aliyeletewa waraka wa serikali kwamba Ali atarudi hakimu.

"Hata salamu zetu hutaziitikia, mama wa hakimu!"

"Nitawaitikia Ijumaa kwa Ijumaa," Mama akajibu, akacheka mpaka unga ukamrukia usoni. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Baba alipofariki. Nilifungua kinywa. Nikaomba maji.

Alasiri ile nikaandika jibu: "Mama hajambo, ana furaha sana. Bi Rukia asema utakuwa hakimu." Sikuongeza neno. Nikailamba ile gundi chungu, nikaipeleka barua posta mwenyewe.

Husemwa mjumbe hauawi. Hakuna aliyenionya kwamba mjumbe aweza kuuua ujumbe.

Bahasha zilizofuata zilikuwa na karatasi moja tu. Ali alirudi wakati wa likizo ndefu, amekonda, mpole mno. Mama alimwekea sinia la wali na samaki wa kupaka, na kwa makusudi hakutia chumvi. Hilo sikuambiwa, nililiona. Ali akala, akanawa.

"Kitamu sana, Mama. Ahsante."

Mama akamtazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi.

"Mgeni ndiye asifuye," alisema taratibu, akainuka kwenda kuleta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

Ali alihitimu, akapata kazi huko huko bara, na umri wake wote alitujia kama mgeni: ana zawadi, ana sifa, ana tarehe ya kuondoka. Mama alifariki bila kuniuliza tena ile karatasi ya pili ilisemani. Kwa miaka mingi niliwalaumu akina Bi Rukia na maneno yao ya jikoni. Ilinibidi nizeeke ndipo nikiri kwamba habari ya uongo ya kwanza ninayoweza kuithibitisha ilitoka kinywani mwangu, nayo ilikuwa maneno mawili: salamu tu. Pengine Ali angerudi. Pengine angesikia kwamba mlango u wazi, hilo likamtosha, akakaa kwa moyo mkunjufu. Sina ushahidi, wala sitaupata.

Kwa hiyo juzi, Salma aliposifu chakula, sikumuuliza lolote.

"Mlango wa nyumba hii u wazi," nilimwambia. "Ukija na shahada, u wazi. Ukija kesho mikono mitupu, u wazi."

Kisha nikasikia kwikwi.

"Babu," akasema, "maharage yao yana mawe."

Baada ya maharage ukaja uji, kisha chai, kisha msichana anayelala naye chumba kimoja. Nami, mzee nisiyeweza kumfikishia hata kikombe cha maji, nilikaa na simu sikioni nikimwomba aendelee.