Barua ya Kumtetea Baba Wanja

Kosa langu la kwanza la uandishi nililifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, na halikuwa la tahajia. Karatasi inapotoka kwenye printa ikiwa bado na joto, harufu yake hunirudisha sebuleni kwetu mjini Crystal, huku ughaibuni, Jumamosi ile.

Baba Wanja, aliyeimba besi kanisani kwetu, alikuwa amemuua mkewe. Wakili wake alitaka barua za kumtetea. Wazee wa kanisa walikuja kwetu kwa sababu Kiingereza changu kilisifiwa, nami nilipenda sifa kupita kiasi. Walikula sambusa za mama huku wakieleza jinsi mtu mpole alivyosukumwa hadi akapasuka. Nakumbuka mafuta yaking'aa midomoni mwao.

“Andika mkewe alim-provoke, yaani alimchokoza,” mwenyekiti wa kwaya aliniambia. “Hilo ndilo neno wakili anataka, kijana.”

“Na Mama Wanja ataandikiwa na nani?” mama aliuliza, akimimina chai.

“Wafu hawahitaji barua, Mama Tito. Hebu niongezee sukari kidogo.”

Mmoja alicheka. Mama akaongeza sukari.

Mama Wanja alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Siku moja ya baridi nilifika kanisani soksi zangu zimelowa theluji, akanivua, akanivisha zake, nene, za rangi ya waridi. Nilichekwa ibada nzima, lakini miguu ilipata moto. Uchokozi wake ulikuwa huu: alikodi chumba Saint Paul, akataka kuhama na binti yake. Nililijua hilo. Bado niliandika kwamba alimchokoza mumewe, nikachapisha barua mara sita kwa sababu ya koma moja.

Wakili aliisoma kwa sauti mahakamani. Wanja alikuwa amekaa safu ya mbele na shangazi yake. Tulipotoka aliniambia kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto, kwamba nimeandika vizuri sana.

Nilimwambia asante.

Kosa la baba yake lilishushwa kutoka mauaji hadi lile dogo la kuua kwa hasira ya ghafla, linalosamehe damu iliyochemka. Sijui barua yangu ilikuwa na uzito gani. Kanisani walipiga makofi.

Sikusomea sheria, nimejifundisha kwa vitabu vya maktaba, nikisoma kila ukurasa mara mbili kwa hofu ya kukosea. Nilianza na Uingereza, kwa kuwa sheria ya Kenya tulikotoka na ya hapa zote zilichota huko. Kule utetezi wa kuchokozwa ulifutwa. Uliowekwa mahali pake, wa kushindwa kujizuia, unadai sababu nzito, kama hofu ya kudhuriwa vibaya, na unasema wazi kwamba mwenzi kutoka nje ya ndoa, peke yake, si sababu. Niliposoma hapo nilikwenda msalani nikatapika. Mama Wanja hata hilo hakulifanya. Alikodi chumba tu.

Hasira hasara, tulifundishwa. Hawakutuambia kwamba hasira yaweza kuwa ya mmoja na hasara ya mwingine.

Wazee bado huja kuniomba niwaandikie barua za utetezi. Sasa, kabla sijaandika neno, huuliza aliyekufa alikuwa nani na alitaka nini. Tatu nimezikataa. Wanja nimemwandikia mara moja, bila kurekebisha koma hata moja. Hajajibu.