Uzi wa Kupimia Mguu wa Millicent

Nitasimulia habari za Phelesia Nyatichi kama nilivyomjua, hata pale aliponikasirisha, maana alinikasirisha sana. Kwa miaka sita meza zetu zilikuwa bega kwa bega katika soko la Migori, yeye na maharagwe yake, mimi na sweta zangu za mitumba, na hakupita kando ya rundo langu hata siku moja bila kukunja pua.

"Mama Gisiri," ananiambia, ameshika mkono wa sweta kwa vidole viwili, "hii ilimjua nani kabla ikufikie wewe?"

"Ilimjua mzungu tajiri kukushinda."

Hapo tunacheka wote wawili, na yeye anarudi kwenye sindano zake. Mteja akija, anampimia maharagwe kwa gorogoro. Mteja akienda, anafuma. Aliwafumia watoto wa dada zake sweta, akawafumia wanawake wa kanisa lake la Kisabato mashali, lakini ufundi wake hasa ulikuwa soksi. Alizizungusha kwa sindano tano, bila mshono, na kisigino kikakaa pale kisigino cha mtu kilipo. Wala hakuuza hata jozi moja. Walimu walimwomba, makarani wakambembeleza, akakataa katakata. Nikiuza, alisema, nitakuwa namfumia mtu nisiyeujua mguu wake, na hiyo haitakuwa soksi, itakuwa mfuko.

Kuujua mguu kulikuwa na utaratibu. Alikusimamisha bila viatu juu ya gunia safi, akapiga magoti, akachukua kipande cha uzi. Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa wayo, la pili unene wa mguu hapo kwenye kisigino, la tatu mahali soksi itakapokomea. Kisha uzi wako ukaingia kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo pamoja na nyuzi za wengine, na katika kopo hilo mlikuwa na ukoo wake mzima. Wangu uliingia mwaka wa tisini na mbili, baada ya kumlindia meza wiki mbili alipofiwa na mumewe. Siku niliyopimwa nilijiona mtu.

Lakini ilikuwa lazima usimame. Phelesia hakumpima mtu aliyeketi, sembuse aliyelala. Kwao Kisii, na kwetu Kuria pia, anayepimwa kwa uzi amelala ni maiti, na anayempima ni seremala. Hata mtoto mchanga alishikwa makwapani na mamake akasimamishwa juu ya gunia, miguu ikining'inia, soko zima likicheka. Nami nilicheka na sikuona ubaya wowote.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Millicent, mwalimu wa shule ya msingi huko Homa Bay. Homa Bay kuna joto la ziwa, mtu mwenye akili timamu havai soksi za sufu. Millicent alivaa. Walimu wenzake walimpa jina la Baridi, naye akija likizo alitusimulia huku akiinua sketi kidogo tuzione, za kijani, na mamake akajifanya anahesabu maharagwe ili tusione alivyofurahi. Uzi wa Millicent katika kopo ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu.

Mwaka wa tisini na tano mumewe Millicent, Okari, alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Jumatatu moja ya Julai, mwaka uliofuata, Millicent mwenyewe aliletwa kwa mamake Migori, amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Tukasema ni kifua. Siku hizo kila mtu alikuwa na kifua, ama malaria iliyokataa dawa, na hakuna aliyeongeza neno. Mimi pia sikuongeza.

Mwili wake ulikuwa umekwisha, lakini miguu ilikuwa imevimba, inang'aa, na baridi kama imetoka mtoni. Soksi za kijani ziligoma kwenye vidole. Jumatatu hiyo Phelesia alifunga meza, akatoa uzi wa kitambaa chekundu, akautazama, akaongeza vitanzi kwa kukisia tu. Jumanne jioni jozi ilikuwa tayari. Haikupita hata nusu ya wayo.

"Mama, si unipime tu," Millicent akasema.

"Nitakupima ukisimama."

"Na nisiposimama?"

"Utasimama."

Akafumua zote, akaanza upya. Alhamisi zilikuwa zinapita vidole lakini zinakwama. Niliona kwa macho yangu kwamba kisigino kilikuwa kifupi, na uzi wenyewe ulikuwa pale kitandani, wa kuzungusha mara moja tu. Nikamvuta nje, nikamwambia mambo niliyoyazuia moyoni siku nne.

"Phelesia, wacha upuzi. Mtoto anasikia baridi na wewe unabahatisha. Mpime!"

"Mpime wewe," akanijibu. "Uzi uko pale. Ingia umpime."

Nilisimama mlangoni. Nisiseme uongo: miguu yangu ilikataa. Nilimwona tena bibi yangu marehemu kule Kehancha akipimwa hivyo kwa matete, nikajiambia si kazi ya jirani. Tangu siku hiyo sijapata haki ya kumlaumu Phelesia, ingawa nimeendelea kumlaumu.

Millicent alikuwa ametusikia. Tuliporudi tulimkuta ameteremsha mguu mmoja kitandani.

"Mama Gisiri, nishike hapa," akasema. "Nataka kusimama nipimwe."

Nikamshika makwapani. Alikuwa mwepesi mno, nami nilimwinua bila kutumia nguvu, nyayo zake zikagusa sakafu. Phelesia akapiga magoti upesi, uzi mkononi. Hakuwahi kuuzungusha. Magoti ya Millicent yalikunjika, akaning'inia mikononi mwangu kama wale watoto wa sokoni, akaanza kukohoa, tukamrudisha kwenye mto. Hakuna aliyecheka. Phelesia alibaki chini, ameukunja ule uzi mtupu kwenye kiganja.

Ijumaa alifuma kutwa nzima. Soksi moja ilikamilika saa nane, ya pili ilikuwa imefika kisigino jua lilipoanza kushuka, na jua la Ijumaa likishuka Msabato huweka kazi chini. Mimi Mkatoliki nilimtazama nikimngoja aendelee. Ilibaki kazi ya saa mbili.

"Weka, Mama," Millicent mwenyewe akamwambia. "Utamaliza kesho jioni."

Akachoma sindano kwenye donge la uzi, akalifunika. Tukajaribu ile moja iliyokamilika. Ilipanda vizuri hadi katikati ya wayo, ikakwama kwenye kisigino, kilekile.

"Vidole vimepata nyumba," Millicent akasema. "Kisigino kitalala nje." Akatabasamu, kwa hiyo nasi tukatabasamu.

Jumamosi Phelesia hakwenda kanisani. Aliketi miguuni pa kitanda, akaifunua ile miguu, akaiweka mapajani mwake chini ya leso, na kuisugua kwa mikono. Hiyo haikuwa kazi, alisema, Mungu hawezi kuiita hiyo kazi. Aliisugua tangu asubuhi huku akiimba nyimbo zao taratibu. Nilikuwa nimeleta uji. Kama saa tano hivi nilimwona akiacha kuimba, lakini mikono ikaendelea.

"Mama Millicent," nikamwita.

"Najua."

"Basi wacha."

"Sasa ndiyo inaanza kupata joto," akasema. Alikuwa anasema kweli, joto lilikuwa la mikono yake. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Seremala, mzee Momanyi, alikuja Jumapili asubuhi na kamba yake mfukoni. Alikuwa mtu wa adabu, akavua kofia, akasimama kando akingoja aambiwe aingie. Phelesia akamzuia mlangoni.

"Ngoja kidogo, Baba. Mimi kwanza."

Akaenda kitandani na uzi wake. Akaunyoosha chini ya wayo tangu kisigino hadi kidole kikubwa, akafunga fundo. Akauzungusha kwenye kisigino, fundo la pili. Akapanda juu, fundo la tatu. Kisha akamwambia Momanyi, "Sasa pima na wewe," akatoka nje akaketi kwenye ngazi, akafumua ile jozi ya tatu mpaka ikawa donge la uzi, akaanza tena. Waombolezaji walifika, wakampa mkono, wakaupata mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na sindano. Wengine walinong'ona. Niliwatazama kwa jicho ambalo watu wa soko la Migori wanalijua, wakanyamaza.

Millicent alizikwa Jumatatu kule Lambwe, kando ya Okari, ambako watu wa Okari walikuwa wamenunua shamba. Kabla sanduku halijafungwa Phelesia alimvisha soksi. Ziliingia bila kuvutwa. Kisigino kilikaa pale kisigino kilipo. Alipitisha kidole kuzunguka ukingo kutafuta mahali panapobana, hakupata.

"Zimemtosha," aliniambia. "Mama Gisiri, zimemtosha kabisa." Akaanguka juu yangu, akalia kilio ambacho bado nakisikia nikiwa peke yangu.

Kwa wiki tano hakushika sindano. Maharagwe aliuza, sweta zangu hakuzitania, nami sikujua nimkasirikie kwa lipi. Septemba ikaanza mvua, homa ikanishika, nikalala nyuma ya meza juu ya marobota ya mitumba, natetemeka. Nilipofumbua macho alikuwa amepiga magoti miguuni pangu na kopo la Kimbo kando yake. Alikuwa amenivua viatu.

Nilianza kujiinua, kwa mazoea.

"Lala," akasema.

"Phelesia, una uzi wangu tayari."

"Ule ni wa zamani. Miguu inabadilika." Akaupitisha uzi mpya chini ya wayo wangu, polepole. "Ningempima ile Jumatatu aliyoletwa. Angezivaa Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku nne, Mama Gisiri."

Nililala vile vile, nikamnyooshea na mguu wa pili.