Marehemu wa Fomu ya Mkopo

Baba yangu alikufa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, katika saiba moja, kiduka cha intaneti, mjini Busia, upande wa Kenya. Mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Aliyemuua ni kijana wa saiba, kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika mandazi. Mimi nilikuwa nimeketi hapohapo na sikumzuia.

Tulikuwa tunajaza fomu ya mkopo wa chuo. Nilikuwa nimeitwa kusomea uuguzi, na bila mkopo barua yangu ya kuitwa ingefaa kufungia njugu tu. Mwisho wa kutuma fomu ulikuwa kesho yake jioni. Mama ni Mkenya, kitambulisho chake kiliingia bila taabu. Baba ni wa Rubongi, karibu na Tororo, ana kiduka anachouzia wake wa wanajeshi wa kambi ya pale sukari na sabuni. Kitambulisho chake cha Uganda kina herufi na tarakimu zimechanganyika, na kila mara kijana alipoiandika ile namba, mashine iliwaka nyekundu.

"Sistemu haimtaki huyu mzee," kijana akasema.

"Basi weka marehemu," akasema Mjomba, kama mtu anayeagiza chai.

Mjomba ni kaka yake Mama. Nimeishi kwake tangu darasa la nne ili nisome upande huu. Ni mzee wa kanisa, na Jumapili ndiye msoma matangazo. Alimzika shemeji yake kwa sauti ileile anayosomea matangazo.

"Lakini yuko hai," nikasema. Nadhani nilisema. Sauti yangu ina tabia ya kubaki kooni.

"Nani amekataa?" Mjomba akacheka. "Huko Uganda ataendelea kuishi tu. Amekufa huku. Akina baba wote wa ng'ambo hufa msimu wa fomu. Muulize huyu."

"Usijali, siz," kijana akasema, midomo ina mafuta. "Wiki hii nimeua mpaka kidole kinauma. Na yatima hupewa mkopo mnono."

Mjomba akatabasamu. Tangu matokeo yangu yatoke alikuwa akisema "mkopo wetu," na alikuwa ameshaulizia bei ya pikipiki. Mwuguzi na pikipiki wapi na wapi? Hakuna aliyeniuliza.

Mtandao ukalala kabla fomu haijatumwa. Kijana akaihifadhi, akatuchapishia nakala, akatuambia turudi asubuhi na barua ya chifu ya kuthibitisha kifo.

Tukaenda kwa chifu jioni ileile. Sasa, chifu anamjua Baba. Krismasi iliyopita walikaa kwa Mjomba wakinywa pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na chifu ndiye aliyelewa kwanza, Baba akampeleka kwake akimshika mkono. Nilidhani atashtuka, au angalau ataona haya. Akachukua kalamu.

"Marehemu aliugua nini?"

"Presha," akasema Mjomba.

"Presha ni mbaya." Akaandika. Akapiga muhuri. Akaomba kitu kidogo cha wino, ingawa wino ulikuwa umejaa pale mezani, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyofanya watu matangani. "Pole sana, binti. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikasema asante. Nilimdharau yule mtu na muhuri wake na sura yake ya msiba, lakini ile asante ilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Baba sebuleni, kwenye kiti cha karibu na mlango. Huwa anachagua hicho hata vingine vikiwa vitupu. Alikuwa amevaa koti la kanisani, Jumanne, na ameleta mfuko wa unga wa wimbi.

"Aa, shemeji!" Mjomba akapaza sauti. "Sasa hivi tulikuwa tunakuzungumzia! Utaishi miaka mingi!" Akanikonyeza. Chai ilipoletwa akamwambia mkewe, "Mtilie sukari ya kutosha huyu. Huko aliko sijui kama wanapewa." Mke wa Mjomba akajifunika mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika.

Baba naye akacheka. Wenzake wakicheka, yeye hucheka. Anaona ndiyo heshima. Wamekula unga wake miaka tisa, na hawakuweza kumwachia hata kikombe kimoja cha chai bila kejeli.

Halafu akatoa mfuko wa plastiki kwenye koti. "Nyara," akaniita, ndiyo binti yangu kwa Kidhopadhola, "mimi naleta kopi ya kitambulisho. Natoa tatu. Moja ikipotea, mbili iko." Nyuma ya kila kopi alikuwa ametia sahihi, na hakuna sahihi iliyofanana na nyingine, maana hashiki kalamu mara kwa mara. Kulikuwa pia na barua ya mwenyekiti wa kijiji chake kueleza kuwa mimi ni mtoto wake. Hakuna aliyemwagiza. Alifikiri mwenyewe kwamba vitahitajika.

Akaomba kuiona fomu. Nikampa. Akapitisha kidole polepole mpaka akalipata jina lake.

"Hapa karibu ya jina yangu wanaandika nini?"

Neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, na Baba aliishia darasa la tatu. Mjomba akaacha kutafuna.

"Wanaandika kwamba wewe ndiye baba yangu," nikasema.

"Hiyo ni kweli," akasema Baba. Akaikunja fomu taratibu, ncha kwa ncha, akanirudishia, kisha akaondoka ili avuke mpaka kabla ya giza.

Mjomba akanipigapiga begani. "Umejibu vizuri. Wewe utafika mbali."

Nimewahi kutukanwa na mke wake, nimewahi kuitwa Mganda mchafu shuleni. Hakuna kilichonikera kama sifa ile.

Asubuhi ya Jumatano nilitoka Mjomba akiwa bado kwenye sala yake ndefu. Nilifika saiba kijana anafungua mlango. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima, na bado ilibidi niyaseme mara mbili.

"Mfufue baba yangu."

"Ati?"

"Mfufue."

"Siz, utapata mkopo kiduchu. Ama ukose kabisa, na hakuna pa kulia."

"Mfufue tu."

Akasonya, akafungua fomu, akashuka nayo mpaka chini kabisa. Huko chini palikuwa na nafasi ya mzazi raia wa nchi nyingine: weka kopi ya kitambulisho chake na barua. Jana pia ilikuwa hapo. Alikuwa mvivu tu wa kushuka.

Nikaweka mezani barua ya mwenyekiti, nikazipanga kando yake kopi zote tatu. Akazigeuza, akazitazama nyuma.

"Sahihi yake ni ipi hapa?"

"Zote," nikasema. "Chagua."

Akachagua, akatuma. Nilimlipa, na barua ya chifu nikamwachia afungie mandazi yake.